Tarehe ya Ukurasa wa Tisa na Redio Iliyoitika Naam

Sogeeni, enyi mliokaa mbali! Wa Mkunazini teremkeni ngazi, wa Kikwajuni punguzeni moto wa vyungu, nanyi wa Nungwi tegeni sikio huko huko kaskazini mliko, kwani habari hii ina miguu na itafika. Mmeshasikia ya majemedari waliozingira ngome na ya wafalme walioapa juu ya panga zao. Yawekeni kando. Leo inasimuliwa vita iliyopiganwa ghorofani, katika chumba chenye feni moja na viti visivyolingana, ambamo watu wanne waadilifu walizingirwa na karatasi moja, na karatasi ikakaribia kushinda.

Nawe Kalamu Nyekundu, uliyeyaona yote ukiwa umechomekwa nyuma ya sikio la bibi yako, nisaidie nisipunguze neno wala nisiongeze. Na nikiongeza, iwe kidogo.

Palikuwa na jumuiya ndogo iliyojitwika kazi ya kutoa kijitabu cha afya kwa wanafunzi: habari za balehe, za mwili unaokua na moyo unaohangaika, na za mimba za utotoni. Ukurasa wa kwanza ulisema kijana ni hazina, na hakuna aliyeupinga. Zikafuata kurasa za usingizi, za matunda, za hasira, za huzuni isiyo na sababu, za rafiki mwema na rafiki mbaya. Zote zilipita kama bibi harusi apitavyo mbele ya jamaa zake, kwa vigelegele. Wa tisa peke yake ndio uliosema mimba inapatikana vipi.

Sasa wajueni mashujaa. Mwenyekiti wa kamati ya kukipitisha kijitabu alikuwa Mwalimu Mansour, Simba wa Ukaguzi, ambaye zamani akiingia skuli hata chaki husimama wima. Kuliani kwake alikaa Bi Shemsa, Mpokeaji wa Vichwa, mkunga mstaafu ambaye nusu ya watu wa mji aliwaona kabla hawajavaa nguo, na kwa hivyo hakuona sababu ya kumwogopa yeyote kati yao. Kushotoni alikaa Azzan, Bwana wa Rangi, mchoraji wa kijitabu, ambaye vijana wake wote walikuwa na mashavu kama maandazi yaliyofura. Na mwisho wa meza, karibu na njia ya kukimbilia, alikaa mhariri mwenyewe, Thuwaiba binti Samir, Mwenye Kalamu Nyekundu, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo hata muuza ndizi wa Darajani humwambia, "Dada, sema, au nyoosha kidole."

Kamati hii ilikuwa na sheria, na sheria aliitunga Mwalimu Mansour mwenyewe katika kikao cha mwanzo, akiwa amesimama, mkono mmoja kifuani. "Kisichosomeka mbele ya wakubwa," alinguruma, "kisipelekwe kwa wadogo!" Basi ikawa kila ukurasa lazima mjumbe mmoja ausome kwa sauti, na wajumbe wote wawepo wakisikia. Walipiga makofi. Laiti wangalijua wanaupigia makofi mtego wenyewe.

Kwani wateuzi wa kamati walitafuta watu wa heshima, na katika mji huu ukiteua watu wanne wa heshima umeteua harusi. Thuwaiba alikuwa mke wa mtoto wa Mwalimu Mansour. Azzan alikuwa amemwoa binti wa Bi Shemsa. Na nani asiyeijua sheria ya ukwe, iliyo kongwe kuliko sheria zote za vikao? Azzan hajapata hata kumenya ndizi mbele ya mama mkwe wake. Na Thuwaiba, nyumbani kwa baba mkwe, watu wa kwenye televisheni wakishikana mikono tu, hukumbuka ghafla kwamba chumvi jikoni haikufunikwa, akaenda kuifunika, na asirudi mpaka taarifa ya habari.

Siku ukurasa wa tisa ulipofika mezani, Azzan aliunyakua kwa ushujaa wa mtu asiyesoma kabla ya kunyakua. Akafungua kinywa. Akamwona Bi Shemsa. Akafunga kinywa.

"Herufi zake zimekaa vizuri sana," akasema, na kuusukuma mbele.

Bi Shemsa akaupokea kwa mikono iliyokwishapokea mapacha gizani. "Nipeni mimi! Haya nimeyasema tangu nyinyi hamjazaliwa." Akainua miwani. Mbele yake Azzan alikuwa anayatazama maboriti ya dari kama mtu aliyetumwa kuyanunua. Mikono ya mkunga ikalegea. "Nimechukua miwani ya mbali," akasema.

Ukurasa ukafika kwa Simba. Simba akautazama ukurasa, akatazama mwisho wa meza, ambako mkwewe alikuwa ameinama hata kalamu imemdondoka sikioni.

"Wakati wa sala unakaribia," akasema Mwalimu Mansour.

Na jua lilikuwa bado halijapanda juu ya paa la jirani.

Hivyo ndivyo ulivyorukwa siku ile, na kikao kilichofuata ukarukwa tena, na kila uliporukwa ulizidi kunenepa, mpaka ikawa watu wakiweka vikombe mezani huviweka mbali nao.

Lakini msidhani karatasi ile iliwahusu wajumbe peke yao. Huko Kikwajuni alikuwako Rawiya, mtoto wa kaka yake Thuwaiba, msichana mrefu mwenye maneno machache na macho mengi. Darasani kwao alikuwamo Asila, na siku moja Asila hakuja, na baadaye ikajulikana kuwa ana mimba na hatokuja. Mwalimu wa darasa, akipanga upya watoto, akamwambia Rawiya ahamie kiti cha Asila, karibu na dirisha. Na wasichana wa nyuma wakanong'onezana kwamba kiti kile kina mambo yake, anayekikalia yatampata.

Rawiya alisimama siku ile nzima. Alipoulizwa, alisema mgongo unamuuma. Kisha akamfuata shangazi yake, mtu pekee wa jamaa zao aliyekuwa mkimya kumzidi yeye.

"Shangazi."

"Naam."

"Mimba inaambukiza kwa kiti?"

Majemedari wengi wamekimbia mishale, na tarehe za kale zimewasamehe. Thuwaiba alikimbia swali. Akashika ufagio uliokuwa karibu na kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Utasoma kitabuni, mwanangu. Kinakuja."

"Na hilo limo?"

"Limo. Ukurasa wa tisa."

Neno likishatoka limetoka. Tangu hapo Rawiya alikuwa anangoja kitabu, na wakati anangoja, tumbo lilikuwa linamuuma kila asubuhi ya skuli. Mama yake alimchemshia habasoda, akamchemshia mdalasini, akamsugua mafuta. Tumbo lilipona kila siku kengele ikishalia na wenzake wakishaingia darasani. Na Jumatatu ilikuwa mitihani. Asiyefanya mitihani, darasa atalirudia. Mtoto mwenye akili kama wembe alikuwa karibu kupoteza mwaka kwa ajili ya kipande cha mbao.

Basi tazameni jinsi majaaliwa yanavyocheza na watu wenye haya! Kama ukurasa wa tisa hautachapwa, itambidi Thuwaiba ayaseme yale kwa kinywa chake, uso kwa uso. Na ili uchapwe, lazima mtu ausome mbele ya baba mkwe wake. Kulia moto, kushoto maji yanayochemka. Na yeye katikati, na kalamu.

Ikawadia asubuhi ya kikao cha mwisho. Wajumbe walipoketi tu, simu ya Azzan ikatoa sauti ya Makungu, mpiga chapa wa Darajani, mtu asiyejua kuzunguka. "Jamani eh, mtambo wangu unakungojeeni nyinyi tu. Ikishapita adhuhuri nnaingiza kadi za harusi, na harusi hazingoji mtu. Mkinikosa leo, tuonane mwezi ujao."

Mwezi ujao! Neno lile lilimpiga Thuwaiba kama gogo. Mwezi ujao mitihani itakuwa imekwisha.

Mwalimu Mansour akasimama. Akavuta kanzu, akaweka mkono kifuani, na feni ikaonekana kama imepunguza mwendo ili imsikilize.

"Enyi wajumbe! Jemadari mpumbavu hupigana na kila ngome. Jemadari mwenye busara huzijua za kuzizunguka. Tumeutazama ukurasa wa tisa, nao umetutazama. Nani kati yetu ana haja ya kumwaga damu zaidi? Mimi napendekeza katika nafasi ile tuieleze jamii faida za mchicha."



"Nshauchora, Mwalimu," akasema Azzan, na kutoa karatasi iliyokuwa tayari chini ya mkono wake. Mchicha ulikuwa mzuri mno. "Na karoti nimetia, kwa ajili ya rangi."

"Mchicha?" Bi Shemsa aligeuka kitini mpaka kiti kikalia. "Mwalimu Mansour, wewe mtu mzima. Mimi nimezalisha wasichana walioula mchicha tangu wana meno ya utoto! Mchicha haukuwazuilia ki—" Hapo akamwona mkwewe, na maneno yaliyobaki akayafunika kwa mtandio.

"Basi usome wewe, Bi Shemsa."

"Na mkwe wangu huyo hapo?"

"Atoke kidogo."

"Akitoka, sheria yako inasema wote wawepo. Au leo sheria imepata safari?"

Mwalimu Mansour alifumba macho. Kuna maumivu makubwa zaidi ya kuchomwa mkuki, nayo ni kuchomwa na maneno yako mwenyewe. "Sheria ni sheria," akasema. "Wanaokubali mchicha wanyooshe mikono."

Mkono wa Azzan ukapanda nusu, ukatulia hewani, kama mkono wa mtu anayetafuta swichi gizani.

Ndipo Thuwaiba aliposimama. Wote wakamtazama, na kwa kutazamwa tu alipoteza hotuba aliyoitunga tangu alfajiri, yenye hoja na hitimisho. Kilichobaki kinywani kilikuwa kidogo.

"Nnakwenda kutia chai," akasema.

Akachukua sinia. Lakini Kalamu Nyekundu ni shahidi: chini ya sinia, kwa kidole gumba, alikuwa ameushikilia ukurasa wa tisa.

Chumba kile na jiko lake vilitenganishwa na pazia la maua ya kijani, lililofifia kwa kufuliwa. Enyi msikilizao, msilidharau pazia! Ngome zina milango ya chuma na bado zimeingiwa. Lakini katika mji huu pazia likishashushwa, anayekaa nyuma yake hayupo, hata kama vidole vyake vya miguu vinaonekana. Bibi zetu nyuma ya pazia wamesikia mazungumzo ya wanaume, wameyajibu, wameyapindua, na hakuna mwanamme aliyewahi kukiri kwamba alijibiwa na mtu.

Thuwaiba akasimama hapo, kati ya birika na gunia la mkaa. Jiko hakuliwasha. Akamwona Rawiya amesimama kando ya kiti, siku nzima, mkono umeshika mgongo usiouma. Akafungua kinywa.

"Mimba," ikasema sauti nyuma ya pazia, "haiingii kwa kukalia kiti alichokalia mwenye mimba. Haiingii kwa kuazimana nguo, wala kwa kuogelea pamoja, wala kwa kutupiwa jicho."

Chumbani, Azzan alirudia tena maboriti yake. Mwalimu Mansour alikauka.

"Nani... nani anayesema huko?" akauliza, polepole, kama mtu anayeomba asijibiwe vibaya.

Bi Shemsa hakukawia hata kupepesa. "Redio, Mwalimu."

"Redio?"

"Redio ya jikoni. Kipindi cha afya."

Simba akafikiri. Mvi zake zote zilionekana zinafikiri pamoja naye. Kisha akakaa, akakunja mikono, akaelekeza macho dirishani. "Iongezeni sauti," akasema. "Masikio yangu si ya jana."

Na sauti, ambayo muuza ndizi hajapata kuisikia, ikaongezeka. Ikasema mbegu ya mwanamme na yai la mwanamke vinakutana vipi. Ikasema kujamiiana, ikalitaja neno lenyewe, likatoka likatembea chumbani, na paa halikuanguka. Ikasema mara moja inatosha, hata iwe ya kwanza. Ikasema mtu mzima anayekuja na zawadi na kutaka siri, kosa ni lake na si la mtoto, na mtoto amwambie mtu anayemwamini, na asipoaminiwa amwambie mwengine.

"Ngojeni," akasema Mwalimu Mansour, bado anatazama dirisha. "Wajumbe wote wapo? Thuwaiba yuko wapi?"

"Anatia chai," akasema Bi Shemsa.

"Anaisikia redio?"

"Naam, Baba," ikaitika redio.

Palipita kimya ambacho wajuzi wa tarehe hawajapata kuafikiana urefu wake. Azzan aliuma kofia yake. Bi Shemsa alitazama sakafu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Basi sheria imetimia," akasema Mwalimu Mansour kwa sauti kavu. "Kipindi kiendelee."

Redio ikasafisha koo. "Msichana aliyepata mimba ni mwenzenu kama jana. Asitengwe. Akishajifungua, anaweza kurudi skuli. Asilaumiwe sana."

"Hapo!" Mkono wa Simba ulipiga meza, na karatasi zikaruka. Nyuma ya pazia pumzi ilikatika. Azzan akauvuta mchicha wake karibu, tayari kuutoa.

Mwalimu Mansour akaligeukia dirisha tena. Dirishani hapakuwa na kitu ila ukuta wa nyumba ya pili na mchirizi wa maji, naye alivitazama kwa muda.

"Dada yangu Tahiya alikuwa wa kwanza darasani kwao," akasema. "Mkubwa wangu. Baada ya jambo lile alikaa chumba cha juu mpaka mtoto akaota meno, na skuli hajarudi tena. Nasi tuliambiwa tusimlaumu sana." Akageuka. "Iambieni redio hiyo 'sana' iifute."

Nyuma ya pazia ikasikika kalamu inakwaruza karatasi.

"Na sentensi ya mbegu ni ndefu," akaongeza Simba, akikaa sawa, amerudi kwenye ukaguzi wake. "Watoto watachoka njiani. Ikatwe mara mbili. Mengine yamepita. Azzan, huo mchicha upeleke nyumbani ukapikwe."

Thuwaiba akatoka na sinia, macho miguuni, masikio yanawaka.

"Umechelewa, mwanangu," akasema baba mkwe. "Kimekupita kipindi kizuri."

"Samahani, Baba."

Akawagawia vikombe. Na ndani ya vikombe, kwa kuwa jiko halikuwashwa na majani hayakutiwa, mlikuwa na maji ya bomba. Mwalimu Mansour akapiga funda, akatulia, akapiga la pili.

"Chai nzuri," akasema.

"Nzuri sana," akasema Bi Shemsa.

Azzan akaomba aongezwe. Wakanywa wote mpaka mwisho, na ukurasa wa tisa ukashuka ngazi ukiwa umeshikwa na Azzan mbio, ukavuka vichochoro, ukafika Darajani Makungu akiwa ameshika kadi ya harusi mkononi tayari kuilaza mtamboni. "Nyinyi watu nyinyi," akasema Makungu, na kuiweka kadi pembeni.

Mngedhani vita imekwisha. Thuwaiba naye alidhani. Jumapili alasiri alikwenda Kikwajuni na nakala ya kwanza, wino wake bado unanuka, akamkabidhi Rawiya kwa mikono miwili kama funguo za mji, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni.

"Hiki hapa. Wa tisa. Haya, kwaheri."

"Nisomee, shangazi."

"Wewe si unajua kusoma? Na darasani wa kwanza wewe!"

"Najua." Rawiya aliugeuza ukurasa, akaugeuza tena. "Lakini nikisoma peke yangu ntajuaje kama ni kweli? Kitabu hakina uso."

Thuwaiba akatazama huku na huku. Mlango wa chumba ulikuwa na pazia. Mungu ni mwingi wa rehema. Akajongea kando, akajongea tena, akaingia nyuma yake, na baada ya kikohozi kidogo ikasikika sauti: "Mimba haiingii kwa kukalia kiti..."

"Shangazi," akasema Rawiya. "Nnakuona miguu."

Hapakuwa na Bi Shemsa wa kusema ni redio. Hapakuwa na Simba wa kutazama dirisha. Palikuwa na mtoto anayengoja, na pazia. Na mkono uleule ulioshika sinia ukalikamata pazia, ukalisogeza pembeni mpaka pete zake zikalia juu ya fimbo. Na Thuwaiba binti Samir akatoka, akakaa kitandani ubavuni mwa Rawiya, akausoma ukurasa wote, na alipofika penye neno lile alilitaja huku wanatazamana.

Rawiya alisikiliza mpaka mwisho. "Basi kiti hakina kosa."

"Hakina."

"Na Asila?"

Thuwaiba alitazama mahali palipokuwa na 'sana' kabla haijafutwa. "Hata yeye. Asilaumiwe."

"Sasa mbona hukunambia siku ile?"

"Nliona haya."

"Na sasa?"

"Bado naona. Lakini nshasema."

Rawiya akacheka, kisha akaomba nakala nyengine, ampelekee mtu.

Basi na iandikwe, enyi washika kalamu, pahali ambapo mvua ya masika haifiki. Wengine waandike nani aliteka nini. Nyinyi andikeni kwamba Jumatatu ile, kengele ikilia, msichana wa Kikwajuni asiyeumwa na tumbo aliingia darasani mbele ya wenzake wote. Kwamba wale wasichana wa nyuma walinyoosha shingo. Kwamba alikwenda moja kwa moja mpaka karibu na dirisha, akalipangusa vumbi dawati la Asila kwa kiganja, akavuta kiti.

Akakaa.